Vitunguu vya Shamba la Chini

20 Februari

Mpendwa baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na hilo sikio lako bado linasikia yale linayoyapenda tu. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Kazi inaendelea na miguu inauma kama kawaida. Ningekupigia simu, lakini kwako simu ni ugomvi, mimi napiga kelele huku na wewe unajibu usiloulizwa. Bora barua. Breki amekubali kuzibeba kila lori lake likipita huko.

Ndani ya lori hilo kuna magunia. Usishtuke na harufu. Ni mbolea tunayooteshea uyoga: mabua ya ngano, samadi ya kuku na chokaa kidogo, vimechachuka pamoja mpaka vikawa vyeusi. Uyoga ukishachumwa mara mbili tatu, wenye kampuni hawaitaki tena. Inatolewa, inarundikwa kule nyuma, na wenye mashamba ya jirani wanaigombania. Baba, nimeona kwa macho yangu ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, leo inachimbika kwa mkono. Ndipo nikalikumbuka shamba letu la chini.

Kaka aliponiambia kuwa lile shamba limekufa na bora wapewe wafyatua matofali, nilimjibu vibaya, na tangu siku ile hatusemezani. Hilo unalijua. Lakini wewe ulisema mbele yetu wote kwamba shamba la chini ni langu siku nitakayorudi, na nia ya kurudi sijaiacha. Sitaki kuzeekea kwenye vyumba hivi vya giza nikichuma uyoga wa watu. Wafyatua matofali wakiingia hawaachi shamba, wanaacha shimo. Mwombe kaka msimu mmoja tu. Tutie mbolea hii, tupande vitunguu, halafu aje atazame mwenyewe.

Msimamizi wetu anasema ikifika isitiwe shambani papo hapo. Iweke nje kwanza, ikae miezi kadhaa.

Ni mimi, mwanao.


15 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku wazima, mimi, kuku, na jirani yangu fundi cherehani ambaye bado anapiga kelele kuliko cherehani yake. Magunia yamefika. Breki aliyashusha huku amejifunga kitambaa puani kama jambazi. Nikamwambia mtu anayelala na harufu ya dizeli hana haki ya kulalamika.

Kazi nimeifanya. Nimeirundika nje, pembeni mwa shamba, kama ulivyoagiza. Na kwa kuwa mvua za mwaka huu zimeanza kwa hasira, nimeifunika. Nilibomoa mabati ya banda la ng'ombe, maana ng'ombe mwenyewe hayupo siku nyingi, nikaliezeka lile rundo vizuri, nikachimba na mfereji kulizunguka ili maji yasiliguse. Ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki: samadi ikinyeshewa, nguvu yake yote inakimbilia mtoni na wewe unabaki na mabua. Babu yako alikuwa radhi yeye alowe lakini samadi yake isilowe. Basi ondoa shaka, tone moja halijapita.

Kaka yako nimemkalisha chini. Si mtu mbaya, ila ana haraka kama mtu anayefukuzwa. Tumepatana mbele ya fundi cherehani: msimu mmoja wa vitunguu. Vikikubali, wafyatua matofali wasahau njia ya kwetu. Vikikataa, mimi sitabisha tena. Nimempa neno langu.

Breki ananiambia unakohoa. Kikohozi cha nini? Nijibu hilo kabla ya mengine.

Baba yako.


9 Aprili

Mpendwa baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakanitenga. Nimefurahi kusikia mu wazima. Mimi pia mzima.

Umefanya la maana sana kuifunika. Sikuwa nimewaza habari ya mvua kabisa. Ningekuwa mimi ningeiacha inyeshewe mpaka iishe! Ahsante kwa akili zako, baba, na pole kwa kubomoa banda.

Kikohozi ni vumbi tu, usijipe presha. Nimeomba kuhamishwa kutoka kwenye kuchuma, sasa natoa mbolea rafuni. Wachumaji hawapewi kitu, yale ya kwanza nilimbembeleza msimamizi, ila sisi tunaotoa tunaruhusiwa kujichukulia magunia. Tunafunga mlango ili vumbi lisiende vyumba vya jirani, tunakwangua rafu moja baada ya nyingine kwa sepetu, na ile iliyokauka inatimka mpaka humwoni mwenzako. Barakoa ikilowa jasho unaivua tu, utafanyaje. Lakini kila gunia ninalojaza nalipangia mahali: hili la kule penye mteremko, hili la kando ya mfereji. Hivyo siku inakwisha.

Breki anakuletea mengine. Usiyabanie, baba. Tia kwa wingi, ardhi ile ina njaa ya miaka.

Mwanao.


28 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi mzima kabisa. Samahani kwa kukaa kimya, shughuli zilinizidi.

Kuna kuku mmoja hapa ameamua kutagia kwenye kiatu changu cha kulia. Nimemtengea kiota cha nyasi, hataki. Nimeficha kiatu juu ya kabati, akasusa kutaga. Ikabidi nikirudishe chini, kwa hiyo siku hizi natembea na kandambili na kiatu amepangisha yeye. Fundi cherehani anasema nimnunulie na cha kushoto ili asijisikie mpweke. Mke wake amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba yao imejaa vitambaa hadi jikoni. Ukipita unaitwa ushike upande wa kitambaa, na ukishika umekwisha, huondoki mpaka jioni.

Vitunguu tulihamishia miche shambani mvua zilipokatika. Mbolea nilitia kwa wingi kama ulivyosema, na maji namwagia kwa ndoo asubuhi na jioni. Vimesimama.

Usitume magunia mengine kwa sasa. Yaliyopo yanatosha.

Kikohozi hukunijibu sawasawa. Vumbi gani hili la miezi yote?

Baba yako.


17 Julai

Mpendwa baba,

Shikamoo, na shikamoo kwa mwenye kiatu pia. Mimi huku sijambo.

Yaani kuku amepata ukurasa mzima na vitunguu neno moja! Nimekushtukia. Unaficha ili nije niduwae. Tangu utotoni ndiyo tabia yako, zawadi unaikalia mpaka mtu alie. Haya, ficha, lakini nionee huruma kidogo. Majani yamefika wapi? Shingo zimeanza kulala kwa kukomaa? Nimewasimulia wenzangu wote chumbani kwamba baba yangu amefufua shamba, na yule dada anayelala kitanda cha juu anataka kuja kulima nami. Vikikomaa mpe Breki hata viwili vitatu, nivionje.

Kikohozi kipo kidogo, asubuhi zaidi. Kitapita.

Mwanao anayesubiri.


30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Breki anakuletea mfuko wa vitunguu. Ule na wenzako.

Baba yako.


22 Septemba

Mpendwa baba,

Shikamoo. Vitunguu! Tulivikata vingine vibichi papo hapo, tukalia wote chumba kizima, halafu tukavipika. Ni vikubwa, baba, na vitamu. Yule dada wa kitanda cha juu amesema hajawahi kuona vya namna hii. Kimoja sijakipika, nimekiweka dirishani juu ya kitanda changu nikitazame.

Sasa nikuambie jambo, na uliambiwe ukiwa umekaa. Lile la vumbi nilikuwa nakupunguzia. Mwezi uliopita nilishindwa kupanda ngazi. Homa ikawa inakuja kila jioni baada ya kazi na kuondoka siku za mapumziko, mpaka msimamizi mwenyewe akanipeleka hospitali. Daktari amesema mapafu yangu yameikataa ile mbolea ya vyumbani, vumbi lake na vile vimbegu vya uyoga visivyoonekana. Nikiendelea kufungiwa nalo, pumzi itaharibika isitengenezeke. Nimepewa dawa na amenikataza kurudi kazini. Nikamwuliza, na kulima je? Akasema shambani, kwenye upepo na udongo wenye unyevu, hakuna ubaya.

Baba, nilitoka pale nikicheka. Wenzangu waliopatwa na haya walilia, maana hawakuwa na pa kwenda. Mimi nina shamba la chini. Wewe umeshalifufua, nimeyala mazao yake kwa mdomo wangu. Daktari akiniruhusu kusafiri nakuja moja kwa moja. Nibakizie tu sehemu ya kuanzia.

Mwanao.


22 Septemba

Mwanangu,

Sijui barua hii niianzeje. Naitia posta kwa sababu sitaki kumpa Breki. Yeye anajua, na nimemkataza kusema, na siku hizi hanitazami usoni.

Vitunguu vilikufa. Wiki haikuisha tangu tuhamishe miche, ncha za majani zikaungua kama zimepitishwa motoni. Juu ya udongo pakatanda weupe. Nikadhani ni ile chokaa uliyoitaja. Nikadhani tena ni kiu, nikaongeza maji, ndoo juu ya ndoo, na jua likiwaka weupe unarudi. Nilipokuandikia kwamba vimesimama, vilikuwa vimelala vyote. Ile barua yako ambayo ulisema kila gunia unalipangia mahali pake nilikuwa nayo mfukoni, nikashindwa kukuambia. Nikasema ngoja nipande tena, vikishika nitamwambia yote pamoja tucheke. Nikapanda tena. Vikafa tena.

Vile nilivyokutumia nilivinunua sokoni. Nilichagua vikubwa.

Juzi kaka yako alishuka kutazama. Hakunicheka. Angenicheka ningegombana naye. Alisimama tu pale katikati, akasema, "Baba, ulinipa neno." Kweli nilimpa. Wafyatua matofali wanaingia wiki hii. Nimeona bora ulisikie kwangu.

Mbolea yako haina kosa, usije ukajilaumu. Nadhani ni mkono wangu. Mkulima akizeeka kuna siku mkono unagoma, na hakuna anayemwambia.

Nisamehe.

Baba yako.


1 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Wazuie! Barua yako imenifikia leo, na nimekwenda mpaka getini kwa msimamizi, pumzi ikinikatika, nikamweleza habari ya ule weupe. Swali lake la kwanza: ilinyeshewa? Nikamwambia tuliifunika kwa mabati. Akashika kichwa. Mbolea hii si kama samadi ya ng'ombe, baba. Ina chumvi nyingi ndani yake, na inawekwa nje miezi yote hiyo makusudi ili mvua iioshe. Wewe uliihifadhia chumvi yake yote, na mimi nikakusifu. Ndiyo iliyounguza miche. Yale maji ya ndoo nayo hayakutosha kuiosha. Yaliiyeyusha tu, na jua likaivuta juu.

Mkono wako hauna neno lolote. Na shamba halijafa! Msimamizi anasema mvua moja nzuri ya msimu inatosha, chumvi ishuke chini, halafu udongo utakuwa bora kuliko wa jirani yeyote. Mvua zipo njiani. Ungeniambia mwezi wa sita, baba! Mwezi wa sita, ningeuliza siku ileile. Nimekasirika, siwezi kuficha, nimekasirika na wewe na ninakupenda na sijui nikupigie kelele gani usikie.

Nimekupigia simu, hukunisikia neno. Nimempigia kaka, hapokei. Nimemtumia ujumbe. Mwambie asitazame maneno yangu ya zamani, atazame mvua. Daktari hajaniruhusu kusafiri, la sivyo ningekuwa nimekaa katikati ya shamba sasa hivi.

Mwanao.


3 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi si mzima sana. Goti limevimba, chakula sikitamani, na kila nikilala nasikiliza kama nasikia pumzi yako. Umetaka nikuambie, nami nimeanza na hilo. Wewe niandikie kweli habari za kifua, uandike vilevile kilivyo, usinipunguzie.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako yenye habari za daktari aliileta Breki. Niliisomea pale pale barabarani, na nilipofika pale uliposema wenzako hawana pa kwenda lakini wewe una shamba la chini, niliikunja nikaitia mfukoni. Nililia mbele ya Breki, sioni haya kukuambia. Aligeuka akajifanya anakagua matairi. Wakati huo wafyatua matofali walikuwa na siku kadhaa shambani. Hii ya kuniambia niwazuie ilipofika, sehemu kubwa ilikuwa shimo tayari.

Niliweka kidole kwenye ule weupe nikaulamba. Watu wananiambia nimekula chumvi nyingi, lakini hii ilinipita mbele ya macho nisiitambue.

Sasa sikiliza. Wale hawataki udongo wa juu, wanataka mfinyanzi wa chini. Kabla ya kuchimba walikwangua ule wote wa juu, pamoja na mbolea yako, wakausukuma mpakani ukawa kama tuta refu, wautumie baadaye kufukia mashimo ya njia yao ya lori. Mvua zikaanza. Zimenyesha kwenye lile tuta mwezi mzima, na safari hii hakukuwa na mzee mwenye mabati. Nilikuwa nimeotesha miche mingine kitaluni hapa nyumbani, sina hata maelezo ya kwa nini. Nikaenda nikaipanda juu ya tuta, kwa ukaidi tu. Imeshika. Ina majani ya kijani kizito, manene kama kidole changu.

Kaka yako alikuja kudai nini sijui kwa wale mafundi, akaiona. Akaniuliza, "Ni udongo uleule?" Nikamwambia ni uleule. "Na kilichoongezeka ni mvua tu?" Mvua tu. Akainama akachukua udongo kiganjani, akauvunjavunja, akaurudisha taratibu. Akasema, "Ule ujumbe wake niliusoma, baba. Niliona ni maneno ya kunishinda tu." Halafu akaondoka, nami nikajua amekwenda zake. Jioni alirudi na toroli.

Tunauhamisha. Kila jioni akitoka kazini anajaza, mimi nasukuma zile nusu nusu, tunapandisha pamoja na miche yake mpaka nyuma ya nyumba. Hatusemi mengi. Jana fundi cherehani alikuja na karai, akafanya kazi kidogo na kuongea sana. Wafyatua matofali wamekubali kutuachia, wao watatafuta kifusi kingine.

Ila nisikudanganye tena. Shamba la chini halirudi. Shimo limejaa maji na vyura, na kaka yako akipita pale anageuza shingo. Anataka kukuandikia, kila siku ananiuliza aanzeje, nami namwambia aanze na salamu yoyote itakayomtoka. Kipande cha huku nyuma ya nyumba ni kidogo, mtu akisimama upande huu anaweza kuongea na aliye upande wa pili bila kupaza sauti, hata mimi na sikio langu. Si nililokuahidi. Lakini udongo ni ule wako, ulioulipia kwa kifua chako, na sitaki ulale nje mwaka mwingine bila mwenyewe.

Njoo, mwanangu, ukiruhusiwa. Hata ukija umekasirika, njoo.

Leo asubuhi nimekuta miche ya upande wa ukutani imenyauka. Si mingi. Nimeikagua, weupe hakuna, wadudu sijawaona, sababu siijui. Nakuambia ili ukamwulize msimamizi.

Baba yako.